Pilau, Mishikaki au Kahawa na Vitafunio: Ni Mlo Upi Uwafae Wacheza Bao Uliowaalika Nyumbani?

Anayewaalika wenzake wa bao waje kucheza na kula uani kwake, au chini ya mwembe ulio mbele ya nyumba, kwa kawaida huamua chakula kwa kutazama mfuko wake na idadi ya wageni. Hayo mawili hayaachiki, lakini hayatoshi, kwa kuwa mkusanyiko wa wacheza bao unatofautiana na karamu nyingine kwa namna mbili nzito: mikono ya wageni iko kazini karibu muda wote, na mwenyeji mwenyewe ni mchezaji ambaye hapendi kushinda jikoni huku wenzake wakifungana. Katika ulinganisho huu nimechukua milo mitatu ambayo ndiyo hasa hufikiriwa katika miji ya pwani ya Tanzania, kuanzia Tanga hadi Dar es Salaam na Unguja: pilau inayoliwa kwa sinia, mishikaki inayochomwa papo hapo, na kahawa chungu pamoja na vitafunio vyake. Nimeipima kwa mkusanyiko wa watu 12 hadi 16 wenye mabao matatu au manne, kwa sababu huo ndio ukubwa ambao ua wa kawaida na wasaidizi wawili wanaweza kuubeba bila taabu.

Mchezo wenyewe una masharti yake

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza akiwa na kete 10 ubaoni na 22 za akiba, na katika hatua ya kunamua huingiza kete moja moja hadi akiba imalizike, ndipo mchezo unapoingia katika mtaji, ambapo huchezwa zile tu zilizokwisha kuwamo ubaoni. Kwa mpishi, utaratibu huo una maana kwamba hakuna awezaye kutabiri bao litakwisha saa ngapi. Mmoja hufungwa angali na akiba tele mkononi, wengine huingia katika mtaji na kuzungushana mpaka watazamaji wabadilike mara mbili, na mabao manne yaliyoanza pamoja kamwe hayamaliziki pamoja. Chakula kinachodai kuliwa kwa dakika maalumu lazima kiwekewe utaratibu mapema, la sivyo kitawakuta nusu ya wageni wamekaza macho kwenye mashimo.

Sharti jingine ni la kete zenyewe. Kete nyingi ni komwe, mbegu ngumu zenye uso laini za mkomwe, ambazo mchezaji huzizoa zote shimoni na kuzidondosha moja moja kwa kasi, mara nyingi akili yake ikiwa tayari imefika mwisho wa mzunguko. Mkono wenye mafuta huzifanya ziteleze, zikaanguka mbili katika shimo moja, na katika mchezo ambao kete moja huamua kama mzunguko unalala au unaendelea, jambo hilo huzaa mabishano kati ya watu waliokuja kustarehe. Mti wa bao nao ukinywa mafuta hushika vumbi na kubaki na harufu isiyotoka kwa kufuta. Kwa maoni yangu, mwenyeji anayelipenda bao lake aanze kupima mlo kwa kigezo hiki, kisha ndipo aendelee na vingine.

Mwisho kuna namna ya kupokezana viti. Wako wanaocheza kwa kanuni kwamba anayefungwa anapisha, hivyo watu hutoka ubaoni mmoja mmoja mchana kutwa, na wako wanaopanga ratiba ya raundi ili kila mtu akutane na wengine wote. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua kwa kiasi kikubwa kati ya sufuria la pilau na jiko la mishikaki.

Pilau: kazi nzito mapema, mapumziko ya pamoja baadaye

Pilau ina sifa moja ambayo wenyeji wengi hawaithamini inavyostahili, nayo ni kwamba kazi yake ngumu yote iko mwanzoni. Nyama huchemshwa mpaka ilainike na supu yake ikahifadhiwa, vitunguu maji hukaangwa mpaka vipate rangi ya kahawia, ambayo ndiyo itakayoipa pilau rangi yake, kisha hufuata saumu, tangawizi, bizari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, halafu viazi mbatata, nyama, supu na mchele. Maji yanapokaribia kukauka, moto wa chini hupunguzwa na makaa kupaliwa juu ya kifuniko, na kuanzia hapo sufuria halihitaji mtu kwa muda wa nusu saa hivi isipokuwa jicho moja la kuangalia moto. Mwenyeji aliyeanza saa tatu asubuhi anaweza kukaa ubaoni kabla ya saa sita bila wasiwasi, akabakiza kazi ya kukata kachumbari kwa msaidizi.

Kwa hesabu, kilo moja ya mchele huwatosha watu watano au sita wenye njaa, hivyo kilo tatu za mchele na kilo mbili na nusu hadi tatu za nyama zitawashibisha watu 16. Masinia manne ya watu wanne wanne hukamilisha shughuli. Hapa ndipo pilau inapouzidi kila mlo mwingine: inawakalisha watu mkekani bega kwa bega, fundi wa bao aliyekuwa akiogopwa asubuhi akajikuta akimsogezea kijana anayejifunza kipande cha nyama, na mazungumzo ya michezo ya asubuhi yakafanyika kwa utulivu ambao hauwezekani mtu akiwa amesimama na kijiti mkononi. Kwa kundi ambalo baadhi ya watu ndiyo kwanza wanafahamiana, sioni mlo unaoweza kuifanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Gharama yake ni kwamba michezo yote lazima isimame. Jambo hilo linatatulika endapo mwenyeji atatangaza tangu asubuhi kwamba baada ya saa sita kamili hakuna bao jipya litakaloanzishwa, na kwamba mchezo utakaokutwa haujamalizika utaachwa ulivyo, ukafunikwa kwa kitambaa safi, na akiba ya kila mchezaji ikawekwa katika kibakuli chake. Baada ya sala ya adhuhuri watu hunawa, hula saa saba na nusu, hunawa tena kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kisha hurejea. Mkono wa pilau hupata mafuta mengi kuliko mkono wa mshikaki, hilo halina ubishi, lakini huyapata mara moja tu kwa siku, na watu wote husafishwa kwa wakati mmoja. Kwa usalama wa bao, mara moja nyingi ni bora kuliko kidogo kidogo kutwa nzima.

Kasoro nyingine ni uzito. Michezo ya baada ya pilau huwa ya polepole, na wazee wengine huomba mto badala ya kete. Anayepanga fainali aipange asubuhi, au aipeleke baada ya alasiri.

Mishikaki: uhuru wa wageni, kifungo cha mwenyeji

Anayekumbuka jioni za Forodhani mjini Unguja, au kona yoyote ya Kariakoo yenye jiko la mkaa, hahitaji kushawishiwa kuhusu utamu wa mishikaki. Kwa wacheza bao wanaofuata kanuni ya anayefungwa anapisha, mlo huu unaingiana na mchezo kwa namna ya kupendeza, kwa kuwa aliyefungwa huinuka, huenda jikoni, hupokea mishikaki yake miwili na muhogo wa kuchoma, hupoza hasira, na zamu yake inapofika tena huwa amekwisha kula. Hakuna mchezo unaokatishwa, na hakuna chakula kinachopoa kikimsubiri mtu aliye katikati ya mtaji.

Matayarisho yake si mengi, lakini yanadai umakini. Nyama ya steki hukatwa vipande vyenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba, ikakolezwa kwa saumu, tangawizi, ndimu, chumvi na pilipili. Wengi huongeza papai bichi lililosagwa ili kuilainisha, na hapo saa moja au mbili zinatosha, kwa sababu nyama iliyolala usiku kucha katika papai hulegea mpaka ikakosa utafunaji. Vijiti vya mianzi hulowekwa kwa nusu saa visiungue. Nyama mbichi ibaki katika deli lenye barafu mpaka dakika ya kuchomwa, kwani joto la pwani haliisamehe, na sahani iliyobeba nyama mbichi isitumike kwa iliyoiva.

Taabu iko kwenye moto. Makaa huhitaji kama nusu saa ili yawe meupe juu na yasitoe miali, kila mkupuo wa mishikaki hukaa jikoni kati ya dakika 10 na 15, na mafuta yanayodondoka huwasha miali ambayo ikiachwa kwa dakika moja huunguza nje na kuacha ndani mbichi. Kwa hiyo mtu wa jiko hawezi kuondoka. Ikiwa mtu huyo ni mwenyeji, basi amewaalika wenzake waje kucheza naye, naye akashinda na kipepeo mkononi akiwasikiliza kwa mbali wakishangilia. Sioni sababu ya kukubali hali hiyo. Katika mitaa mingi yupo kijana anayechoma mishikaki kila jioni, na mara nyingi hukubali kuja na jiko lake kwa malipo mliyoafikiana siku moja kabla, mwenyeji akanunua nyama na mkaa. Bila mpango huo, au bila ndugu asiyecheza bao ambaye kwa hiari yake anapenda kuchoma, mishikaki isichaguliwe.

Kuhusu wingi, kilo moja hutoa mishikaki 12 hadi 15 ya vipande vinne vinne. Watu 16 wakila minne minne wanahitaji 64, yaani karibu kilo tano za nyama, ambazo ni karibu mara mbili ya zile zinazoingia kwenye pilau ya watu hao hao. Hapo ndipo ilipo tofauti ya bei kati ya milo hii miwili, kwani katika pilau nyama hutandazwa na mchele, ilhali katika mishikaki nyama ndiyo chakula chenyewe. Mihogo na ndizi za kuchoma, au mkate wa ajemi, hupunguza mzigo, na mgeni aliyeanza na muhogo mara nyingi hutosheka na mishikaki mitatu.

Suala la mikono linataka mpangilio wa ua, si nasaha peke yake. Kijiti kinamfanya mtu aamini kuwa mkono wake ni safi, lakini kipande cha mwisho huvutwa kwa vidole, pilipili huguswa, na mafuta hushuka hadi kiganjani. Jiko na meza ya kula viwekwe mbali na mabao, upande ambao upepo hauleti moshi kwa wachezaji, na ndoo yenye bomba pamoja na sabuni viwekwe katikati ya njia, ili asiwepo anayefika ubaoni bila kupita hapo. Mwenyeji atamke wazi kwamba mshikaki haukaribii bao, na atamke kabla moto haujawashwa.

Mishikaki pia huvuta mkusanyiko kuelekea jioni, na Dar es Salaam jua huzama kabla ya saa moja usiku mwaka mzima. Taa inayoning'inia juu ya bao inafaa kuliko taa ya pembeni, kwa maana mwanga wa pembeni hutia vivuli ndani ya mashimo na kufanya kete tatu zionekane mbili.

Kahawa na vitafunio: mwenza wa zamani wa bao

Barazani, bao na kahawa vimekaa pamoja kwa muda mrefu, na sababu inaeleweka. Kikombe kidogo cha kahawa chungu iliyomiminwa kutoka katika dele hushikwa kwa mkono mmoja, hakiachi mafuta, na humwamsha mtu badala ya kumlaza. Kashata za karanga au za nazi, tende, na vipande vya mkate wa kumimina huliwa kati ya zamu mbili bila mtu kuinuka. Ukitaka mchezo wa kiwango cha juu, wenye ukimya na hesabu za mbali, mlo wa aina hii ndio unaousaidia.

Lakini si vitafunio vyote vinafaa. Bajia, kachori na sambusa zina mafuta sawa na mishikaki, kaimati zina shira inayoganda vidoleni, vileja hupukutika ndani ya mashimo, na halua, pamoja na ubora wake wote, inanata, hivyo itolewe kwa vijiko vidogo au iachwe hadi watu wanapoagana. Watu wa Unguja watauliza kuhusu urojo. Ninaupenda, ila bakuli la mchuzi pembeni ya bao la mti, katikati ya watazamaji wanaosukumana, ni hatari ambayo sioni namna ya kuizuia.

Upungufu mkubwa ni kwamba hiki si chakula cha kushiba. Mkusanyiko wa kahawa uanze baada ya alasiri na ukome kabla ya maghrib, na mwaliko useme bayana kwamba ni kahawa, ili mtu asiache chakula cha mchana kwake akitarajia sinia. Mwezi wa Ramadhani hali hubadilika, kwa kuwa baada ya tarawehe watu wamekwisha kufuturu na hawahitaji mlo mwingine mzito, na katika usiku kama huo kahawa ina nafasi yake kamili. Kwa gharama ndiyo nafuu kuliko yote, na muuza kahawa wa mtaa anaweza kukodiwa aje na dele na vikombe vyake, mwenyeji asiwe na kazi nyingine ila kucheza.

Afya ya wageni, mvua na upepo

Mafundi wengi wa bao ni watu wazima sana, na mwenyeji mwema huwafikiria kabla ya kuwafikiria vijana. Mwenye meno machache hula pilau iliyopikwa na nyama laini kwa raha, ilhali mshikaki uliokauka humpa taabu na aibu ya kutema. Mwenye kisukari yuko salama na kahawa chungu yenyewe, lakini si na kashata zinazoisindikiza, kwa hiyo karanga za kukaanga zisikosekane mezani. Mwenye shinikizo la damu asilazimishwe kikombe cha tatu. Asiyekula nyama atapewa nini? Katika pilau inabidi apikiwe sufuria dogo la pembeni, kwa kuwa supu ya nyama imekwisha kuingia kwenye mchele, na katika mishikaki mihogo na ndizi humtosha endapo zinachomwa upande wake wa jiko.

Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, huwapima wenyeji wote. Kahawa huhamia barazani kwa dakika mbili. Pilau iliyokwisha kupaliwa makaa hubebwa na watu wawili hadi chini ya paa, makaa yakaachwa nje. Mishikaki haina pa kwenda, kwa sababu jiko la mkaa halipaswi kuingizwa katika chumba kwa hali yoyote, kutokana na hewa yake ya sumu isiyo na harufu inayoweza kuua watu waliokaa ndani. Ikiwa mawingu yamefunga tangu asubuhi, mishikaki iahirishwe. Ufukweni, Kigamboni au Kunduchi, shida ni upepo na mchanga: mkaa huisha upesi, mchanga huingia kwenye sinia na kwenye mashimo ya bao vilevile, na ningewashauri wanaopenda bahari wacheze huko kwa kahawa tu.

Uamuzi wangu kwa kila hali

Kwa siku ya mapumziko yenye ratiba ya raundi, wageni kumi au zaidi, na umri mchanganyiko, ningechagua pilau bila kusita, kwa kuwa ndiyo inayomruhusu mwenyeji kucheza asubuhi na ndiyo inayochafua mikono kwa wakati mmoja unaojulikana. Kwa jioni ya watu wasiozidi kumi, waliozoeana, wanaocheza kwa kupishana, na ikiwa mchomaji amepatikana, mishikaki itawapa furaha zaidi. Kwa mkutano wa kila juma, ambao haupaswi kumfilisi wala kumchosha mtu, kahawa inatosha, na kundi linalokutana kwa kahawa kila juma laweza kuchangishana taratibu kwa ajili ya pilau moja kubwa mwisho wa mwezi.

Yupo atakayetaka kuchanganya. Pilau na mishikaki kwa siku moja nisingeshauri, kwa kuwa ni mioto miwili, wapishi wawili na nyama maradufu, na wageni hushibia mishikaki kisha pilau ikabaki, wakati wali uliopikwa haupaswi kukaa katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili. Pilau na kahawa, kwa upande mwingine, huenda pamoja vizuri mno: dele liwekwe kwenye makaa yale yale yaliyoshushwa kutoka juu ya kifuniko, kahawa itolewe ikiwa na tangawizi mara watu wamalizapo kunawa, vitambaa viondolewe juu ya mabao yaliyofunikwa, na kila mwenye akiba aitwe ahesabu kete zake mbele ya mpinzani kabla ya kuendelea.